Kumtafuta Wakala wa Vitabu Mtandaoni: Anza na Kitabu, Si Orodha

Mtu akishamaliza riwaya yake ya kwanza, hufungua Google na kutafuta mawakala wa vitabu. Zinamjia kurasa na kurasa za majina, na kabla usiku haujaisha ameshatuma barua pepe thelathini. Najua kwa sababu ndivyo nilivyofanya mimi. Barua yangu ya kumi na tisa ilikwenda ikiwa na jina la mtu wa barua ya kumi na nane. Mwenyewe alinijibu kwa mstari mmoja wa adabu, akanitakia heri kwa huyo niliyemkusudia.

Kukosea jina lilikuwa kosa dogo. Kubwa ni kwamba nilianza na orodha. Maelezo yaliyomo kwenye orodha za mawakala yameandikwa na mawakala wenyewe, na karibu kila mmoja anasema anatafuta "sauti mpya" na "hadithi isiyowekeka chini". Maneno hayo hayakusaidii kumtofautisha huyu na yule. Kinachomtambulisha wakala ni vitabu alivyokwisha kuviuza, alimuuzia nani, na lini. Kwa hiyo hapa tutakwenda kinyumenyume: tutatoka kwenye kitabu kilichochapishwa kwenda kwa aliyekiuza, na orodha tutaifungua baadaye, kwa ajili ya kuhakikisha tu.

Kwanza, je, unamhitaji?

Wakala husimama kati ya mwandishi na mchapishaji. Husoma mswada, hukuelekeza pa kurekebisha, huupeleka kwa wahariri anaowafahamu, hujadili mkataba, huuza haki za tafsiri na za filamu, kisha hufuatilia mirabaha, yaani fungu lako la mauzo, miaka nenda rudi. Malipo yake ni kamisheni: kwa kawaida asilimia 15 ya mauzo ya soko la nyumbani na asilimia 20 ya mauzo ya nchi za nje na tafsiri. Halipwi hata senti mpaka wewe ulipwe. Shika hilo, maana ndilo litakalokuokoa tukifika kwa matapeli.

Mashairi na hadithi fupi mojamoja havina soko kwa mawakala, wala vitabu vya kitaaluma vya vyuo vikuu. Hivyo hupelekwa moja kwa moja kwa wachapishaji na majarida. Ukiwa na riwaya au tawasifu, mswada uwe umekamilika na kusahihishwa kabla hujamwandikia yeyote, kwa sababu akiuomba leo anautaka leo. Kitabu cha maarifa, kwa mfano cha historia, afya au biashara, huuzwa kwa pendekezo: maelezo ya wazo, wasomaji wake, sifa zako, mpangilio wa sura, na sura moja au mbili za mfano.

Angalia na urefu. Riwaya ya watu wazima inakaa vizuri kati ya maneno 80,000 na 100,000; ya kifantasia huvumiliwa hadi 120,000 hivi. Kitabu cha picha cha watoto wadogo mara nyingi hakifiki maneno 1,000. Mswada wa maneno 210,000 wa mtu asiyejulikana hukataliwa hata kabla ya kusomwa, na kwa kweli siwalaumu.

Kuna na suala la lugha. Mawakala wengi wanaopatikana kwenye hifadhidata nitakazozitaja wako New York na London, na husoma Kiingereza. Mswada wa lugha nyingine utahitaji sampuli iliyotafsiriwa vizuri, ama sivyo utafute wakala anayeisoma lugha hiyo.

Hatua ya 1: Tafuta jamaa wa kitabu chako

Orodhesha vitabu vitano au sita vilivyotoka ndani ya miaka mitano hivi iliyopita, ambavyo msomaji wake angekipenda na chako. Visiwe vile ambavyo dunia nzima inavijua. Ukijilinganisha na mshindi wa Nobeli au na riwaya ya miaka sitini iliyopita, unamwambia wakala kwamba huijui rafu ambayo kitabu chako kitakaa.

Goodreads, tovuti ya wasomaji wa vitabu, ina msaada hapa. Fungua ukurasa wa kitabu unachokijua, tazama vitabu vingine ambavyo wasomaji wake wamevipenda, fungua kimojawapo, endelea hivyo mara tatu nne. Baada ya muda utaona majina yaleyale yanajirudia. Hayo ndiyo majirani zako. Vitabu unavyoviongeza kwenye orodha visome, angalau kurasa thelathini za kila kimoja, kwa sababu viwili vitaingia kwenye barua yako na unaweza kuulizwa habari zake kwenye simu.

Hatua ya 2: Nani alikiuza?

Waandishi karibu wote humshukuru wakala wao mwishoni mwa kitabu. Shida ni kwamba sampuli ya bure ya kitabu cha kielektroniki hukupa kurasa za mwanzo tu. Nenda Google Books, fungua kitabu hicho, kisha tumia kisanduku cha kutafuta ndani ya kitabu na uandike neno la Kiingereza agent. Mara nyingi utaletewa kipande cha sentensi kutoka ukurasa wa shukrani, na jina limo.

Usipolipata, fungua tovuti ya mwandishi mwenyewe, kwenye ukurasa wa mawasiliano. Waandishi waliochapishwa huweka pale jina la wakala kwa ajili ya maulizo ya haki na mikataba. Ikishindikana, tafuta kwenye Google kwa kuliweka jina kamili la mwandishi ndani ya alama za kunukuu, ukiongeza neno literary agent. Zile alama za kunukuu ni muhimu. Bila hizo utaletewa kila kitu chini ya jua.

Hapo kuna mtego wa kuuepuka. Matokeo ya juu kabisa kwenye ukurasa wa Google, yale yenye alama ya tangazo, yapite. Wakala wa kweli ana miswada mingi kuliko anayoweza kuisoma. Hana sababu ya kulipia tangazo ili akupate wewe. Wanaolipia ni wale wanaouza huduma za kuchapisha kwa pesa za mwandishi.

Chombo chenye nguvu kuliko vyote katika hatua hii ni Publishers Marketplace. Ni cha kulipia, dola 25 kwa mwezi, nacho hukusanya taarifa za mauzo: mwandishi gani, kitabu gani kwa sentensi moja, mhariri gani alikinunua, wakala gani alikiuza. Kiasi cha pesa hakitajwi wazi bali kwa lugha ya mafumbo ambayo wenyewe wameizoea. Wakisema "nice deal" ni malipo ya awali yasiyofika dola 50,000. "Very nice" ni kuanzia 50,000 hadi 99,000. "Good" ni 100,000 hadi 250,000. "Significant" inaishia 499,000. Na "major" ni nusu milioni kwenda juu. Waandishi wapya wengi huangukia hiyo ya kwanza, na hakuna aibu yoyote.

Usijiandikishe mapema. Kusanya majina yako yote kwanza, kisha lipia mwezi mmoja, kaa chini jioni mbili tatu uyachunguze yote, halafu sitisha usajili. Na ukumbuke kwamba taarifa zile hupelekwa na mawakala wenyewe kwa hiari. Wakala asiye na mauzo mengi pale si lazima awe dhaifu, hasa akiwa Uingereza, ambako habari nyingi za mauzo hutoka kwenye jarida la The Bookseller.

Hatua ya 3: Fungua jedwali

Google Sheets inatosha. Watu hutengeneza majedwali yenye safu ishirini halafu hawayajazi. Mimi nina safu nane, ukiacha ya jina. Huu hapa mstari mmoja kama ulivyo kwangu, jina nikiliondoa:

*Ofisi: London. Kitabu kilichonileta kwake: riwaya ya upelelezi ya 2023, mhusika mkuu daktari. Anapokea miswada? Ndiyo, nilikagua 4 Machi. Anataka: barua, muhtasari wa ukurasa mmoja, sura tatu za kwanza, faili la Word. Muda wa kujibu: wiki nane. Nimetuma: bado. Jibu: hakuna. Shaka: tangu mwaka jana anauza hadithi za kweli tu.*

Safu ya shaka ndiyo inayonisaidia kuliko zote. Hapo naandika kile kitu kidogo kilichonikwaruza wakati nasoma habari zake. Siku ya kuchagua wa kumtumia kwanza, naisoma hiyo kabla ya nyingine.

Tarehe ya kukagua nayo isikosekane. Mawakala hufunga milango ya kupokea miswada na kuifungua tena, huhama ofisi, huacha kazi. Taarifa ya miezi sita iliyopita ichukulie kuwa imekufa.

Hatua ya 4: Sasa fungua orodha

Ukifika hapa una majina kumi au kumi na tano yenye ushahidi. Hifadhidata zitakusaidia kuyahakikisha na kuyaongeza.

QueryTracker ndiyo ninayoitumia zaidi. Akaunti ya bure inakuruhusu kuwachuja mawakala kwa utanzu na kuona nani yuko wazi. Ukilipa dola 25 kwa mwaka unapata takwimu zilizotokana na waandishi wenzako: wakala fulani hujibu baada ya siku ngapi, kati ya barua anazopokea huomba mswada mara ngapi, na kwa sasa amefikia barua za tarehe gani. Hilo la mwisho linatuliza moyo. Ukiona bado anajibu barua za Januari na wewe umetuma Machi, huna haja ya kufungua kisanduku chako kila baada ya dakika tano. Wenye QueryTracker ndio wenye QueryManager pia, ile fomu ambayo mawakala wengi wanaitumia siku hizi badala ya barua pepe. Ukiijaza utapewa kiungo cha kufuatilia hali ya ombi lako.

Manuscript Wish List ni mahali ambapo mawakala huandika wanachokitaka kwa sasa, wengine kwa undani wa kushangaza. Isome kwa tahadhari. Wakala akiandika kwamba anatamani riwaya ya mauaji ndani ya treni, hiyo ni ndoto yake ya siku ile. Haimaanishi amewahi kuuza riwaya ya mauaji. Tumia ndoto yake kuandika sentensi moja ya barua, lakini uamuzi wa kumwandikia utokane na mauzo yake.

Poets & Writers wana orodha ya bure inayofaa kwa riwaya za kifasihi, ikiwa na majina ya waandishi anaowakilisha kila wakala. Kwa upande wa Uingereza, Jericho Writers wana hifadhidata yao ya AgentMatch. Kisha kuna vyama vya mawakala wenyewe: AALA cha Marekani, kilichokuwa kikiitwa AAR, na Association of Authors' Agents cha Uingereza, kilichoanzishwa 1974. Wanachama wao hufungwa na kanuni za maadili, na kutowatoza waandishi ada ya kusoma mswada ni mojawapo. Uanachama ni dalili njema, ingawa wapo mawakala wazuri wasio wanachama.

Haya yote yakishapita, neno la mwisho ni la tovuti ya wakala mwenyewe. Hifadhidata ikisema anataka kurasa kumi na tovuti yake ikasema tano, peleka tano.

Nigusie wakala mchanga, maana watu humdharau. Mtu aliyepandishwa juzi kutoka usaidizi, ndani ya ofisi yenye jina, ana muda, ana njaa ya kazi, na ana wakubwa wa kumwongoza pale mkataba unapokuwa mgumu. Hana mauzo mengi, kweli. Mpime kwa mauzo ya ofisi yake na kwa nani aliyemfundisha. Yule mkongwe mwenye wateja mia huenda asichukue mwandishi mpya hata mmoja mwaka mzima. Ninayemwogopa ni mchanga aliye peke yake, aliyefungua ofisi bila kuwahi kufanya kazi kwa wakala wala kwa mchapishaji. Huyo anajifunza kunyoa kwenye kichwa chako.

Hatua ya 5: Hakikisha ni yeye

Utapeli umebadilika sura. Zamani ulikuwa wakala bandia anayetoza "ada ya kusoma". Huyo bado yupo, ila siku hizi mwenye hatari zaidi ni anayejifanya wakala halisi. Anachukua jina la mtu wa kweli, picha yake, hata orodha ya wateja wake, kisha anakuandikia *yeye* kwanza. Barua inakisifia kitabu chako kwa ufasaha, ikitaja hadi majina ya wahusika, kwa sababu programu za akili mnemba zinaweza kuyachota kwenye maelezo ya dukani kwa sekunde. Kisha anadai mchapishaji mkubwa au kampuni ya filamu imevutiwa, na kinachokwamisha ni kitu kidogo tu: ada ya leseni, gharama ya kuandaa muswada wa filamu, bima.

Ikikufikia barua ya namna hiyo, usiibofye popote. Tazama anwani ya mtumaji, si jina lililoandikwa juu yake. Yote yanayofuata alama ya @ yalinganishe herufi kwa herufi na anwani iliyo kwenye tovuti ya ofisi husika, tovuti ambayo umeifungua wewe mwenyewe na si kupitia kiungo ulichotumiwa. Kistari kilichoongezwa, neno la ziada, herufi moja iliyogeuzwa, au anwani ya Gmail kwa mtu anayedai kutoka ofisi kubwa: hapo tayari una jibu. Ukiwa bado na wasiwasi, waandikie ofisi yenyewe kwa anwani ya kwenye tovuti yao, uwaulize.

Halafu tafuta jina hilo kwenye Writer Beware. Ni mradi ulioanzishwa 1998 na A. C. Crispin na Victoria Strauss chini ya chama cha waandishi wa hadithi za kisayansi na kifantasia cha Marekani, SFWA, na mpaka leo huchapisha taarifa za matapeli pamoja na barua zao. Kusoma barua tano sita za pale ni chanjo. Ya sita utaitambua kwa mstari wa kwanza.

Kwa ufupi, pesa ikitakiwa kutoka mfukoni mwako kwenda kwa wakala, kwa jina lolote itakaloitwa, funga barua hiyo.

Hatua ya 6: Andika barua

Barua iwe na maneno 250 hadi 400. Nimesoma za wenzangu nyingi na ugonjwa ni uleule, wa kuanza hivi:

*Mpendwa Wakala, tangu utotoni nimependa kuandika. Riwaya yangu inahusu mapenzi, usaliti na matumaini, na itawagusa wasomaji wa rika zote.*

Hakuna mtu humo ndani. Hakuna mahali, wala tatizo. Sentensi hiyo inaweza kubandikwa kwenye riwaya yoyote duniani ikakaa. Sasa soma hii:

*Kila usiku saa tisa, nesi Rehema hukagua orodha ya dawa za wodi. Mgonjwa wa kitanda cha saba alifariki Jumanne. Ijumaa bado anaandikiwa morfini, kwa mwandiko wa Rehema mwenyewe.*

Maneno hayafiki thelathini, na tayari tuna mtu, kazi yake, kosa, na sababu ya yeye kushindwa kwenda kuripoti. Aya inayofuata iseme anataka nini, nani anamzuia, na atapoteza nini akichagua vibaya. Iishie kabla ya fumbo kufumbuliwa. Baada ya hapo zinakuja taarifa kavu: jina la kitabu, utanzu, idadi ya maneno, vile vitabu viwili vya kufananisha, na kwa nini umemwandikia yeye. Hapa ndipo kazi ya hatua ya pili inalipa. "Nimekuandikia kwa sababu uliuza kitabu fulani, na changu kina mhusika wa aina ile anayeshukiwa na wenzake kazini" ni sentensi ambayo aliyetuma barua thelathini kwa usiku mmoja hawezi kuiandika.

Kuhusu wewe, mistari miwili. Ukiwa umekuwa nesi kwa miaka kumi na moja na riwaya ni ya wodini, sema. Ukiwa hujawahi kuchapisha chochote, nyamaza, usiombe radhi.

Muhtasari ni kitu kingine kabisa na watu huuchanganya na barua. Huo hueleza hadithi nzima hadi mwisho wake, muuaji akitajwa kwa jina, katika ukurasa mmoja au miwili. Usimfiche wakala mwisho wa hadithi. Anataka kujua kama unajua kuufikia.

Ofisi nyingi sasa zimeandika wazi kwamba hazipokei kazi iliyoandikwa na akili mnemba. Soma sera ya kila mmoja.

Hatua ya 7: Tuma kwa mafungu

Mawakala wa Marekani wengi hawafungui viambatisho. Wanataka kurasa zibandikwe ndani ya barua yenyewe. Wa Uingereza mara nyingi wanataka faili: muhtasari pamoja na sura tatu za kwanza au maneno 10,000. Unapobandika kutoka Word, mpangilio huvurugika: aya hushikana, alama za kunukuu hugeuka vibanzi vya ajabu. Jitumie mwenyewe kwanza, uifungue kwenye simu na kwenye kompyuta, urekebishe, ndipo umtumie wakala. Na jina, jamani. Lisome kwa sauti kabla ya kubonyeza.

Tuma kwa watu sita hadi wanane, usiwe na zaidi ya mmoja ndani ya ofisi moja. Ofisi nyingi huhesabu "hapana" ya mmoja kuwa ya wote. Kuwaandikia kadhaa kwa wakati mmoja ni kawaida na hakuna anayekasirika. Lakini usiwamalize wote, maana barua yenye kasoro ikishawafikia arobaini, huna pa kuipeleka ukiisahihisha. Epuka majuma ya maonyesho makubwa ya vitabu: London mwezi Machi, Frankfurt mwezi Oktoba. Nusu ya mawakala huwa wako kwenye meza za mikutano.

Hatua ya 8: Soma ukimya

Subiri wiki sita hadi kumi na mbili. Wengine wameandika kwenye tovuti zao kwamba wasipojibu ndani ya muda fulani maana yake ni hapana. Weka tarehe hiyo kwenye jedwali na siku ikifika funga mstari bila kinyongo. Kagua folda ya barua taka kila wiki.

Majibu yana lugha yake, lakini huisikii katika jibu moja. Unaisikia katika kumi. Umetuma kwa wanane, wote wamekataa au wamenyamaza, na hakuna aliyeomba kurasa zaidi? Tatizo liko kwenye barua, au kwenye kurasa tano za kwanza, au ulichagua watu wasiohusika. Rekebisha kabla ya fungu la pili. Wawili watatu wameomba mswada mzima kisha wakakataa? Barua inafanya kazi. Kuna mahali hadithi inalegea, na mara nyingi ni karibu na theluthi ya kwanza. Hapo usiiguse barua, rudi kwenye mswada. Na wawili wakitaja udhaifu uleule bila kujuana, waamini.

"Andiko zuri ila sikulipenda vya kutosha" ni jibu la kawaida wanalolitumia kwa kila mtu. Usilichambue usiku kucha kama mimi nilivyofanya.

Hatua ya 9: Simu ikija

Wakala akitaka kukuwakilisha, kwa kawaida ataomba kuzungumza. Furahi, ila usikubali palepale. Muulize anataka mabadiliko gani kwenye mswada, atawapelekea wahariri wa aina gani, nani ofisini anashughulikia haki za tafsiri, na nini kitatokea kitabu hiki kisipouzika. Omba kuzungumza na mteja wake mmoja au wawili. Akisitasita kwa hilo, liandike kwenye safu ya shaka. Kisha mwambie unahitaji wiki mbili, ambao ndio muda wa kawaida, na siku hiyohiyo waandikie wote wenye barua au mswada wako kwamba umepata ofa na tarehe ya mwisho ni fulani. Utashangaa waliokuwa kimya wanavyoamka.

Kwenye mkataba wa uwakilishi, tafuta vitu vitatu. Kamisheni iwe ile tuliyoitaja. Kuwe na njia ya kuachana kwa notisi ya maandishi, siku 30 au 60 hivi. Na ujue kwamba kwa vitabu alivyouza yeye, kamisheni yake itaendelea hata mkishaachana.

Pesa hupitia kwake. Mchapishaji akitoa malipo ya awali ya dola 20,000, ofisi ya wakala itakata 3,000 na wewe utapata 17,000, tena kwa mafungu: ukisaini, ukikabidhi mswada wa mwisho, kitabu kikitoka. Kama mchapishaji ni wa Marekani na wewe si mkazi wa huko, utajaza fomu ya kodi iitwayo W-8BEN. Nchi yako isipokuwa na mkataba wa kodi na Marekani, asilimia 30 inaweza kukatwa kabla pesa haijakufikia, kwa hiyo mwulize wakala mapema, usije ukapiga hesabu ya pesa ambayo haiji.

Ukishasaini, rudi kwenye jedwali mara ya mwisho. Kila ambaye bado ana mswada wako, mwandikie mistari miwili ya kuuondoa na kumshukuru. Kwa wale uliowatumia kupitia fomu ya QueryManager, kitufe cha kuondoa ombi kiko kwenye kile kiungo chako cha kufuatilia.